Gitaa Lililojazwa Povu

Kaka yangu alilirudisha gitaa la Baba huku anatabasamu, na hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza mpaka leo. Angekuja ananyata, kichwa chini, kama mtu aliyevunja sahani ya watu, pengine hata mimi ningetafuta maneno ya kistaarabu. Lakini wapi. Aliingia karakana kwa mbwembwe, akalilaza juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya maranda na makopo ya gundi, akajipangusa mikono na kusema, "Mdogo wangu, ule ugonjwa nimeuponya."

"Ugonjwa gani?"

"Wa kupiga mayowe. Sasa fungua amplifaya mpaka mwisho wake, halilii ng'o."

Nikalinyanyua. Mimi ni fundi wa magitaa, nakula na kuvaa kwa kazi hiyo, na gitaa lile nimelibeba tangu sijavaa hata sketi ya sekondari. Mkono ulishtuka kabla yangu. Lilikuwa zito kuliko lilivyoondoka. Nikaligeuza, nikaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole. Gitaa lenye tumbo ukiligonga linakujibu: sauti inaingia, inazunguka mle ndani, inatokea matunduni imenenepa. Hili lilinijibu kama ukuta.

"Umelifanya nini?" nikamuuliza.

Akanieleza, tena kwa raha zake, kama mtu anayesimulia alivyofaulu mtihani.

Walikuwa wamealikwa kupiga muziki kwenye ufunguzi wa hoteli mpya. Kaka ndiye mpiga solo wa bendi yao, mjini wanamwita Bwana Solo, na jina hilo limemlevya kuliko pombe. Gitaa lake mwenyewe ni la ubao mtupu, halina tumbo, na ni gitaa zuri tu. Lakini eti kiongozi wa bendi alitaka sura. Alitaka lile pana la Baba, la rangi ya asali, lenye matundu mawili membamba yaliyopinda kifuani. Basi Kaka akaja kulichukua siku ambayo mimi nimetoka kwenda kununua nyuzi, na Baba yuko safarini kwenye msiba wa binamu yake. Shangazi yetu, dada yake Baba anayekaa nasi, akampa. Mimi sikuulizwa, na mwenye gitaa hakuulizwa.

Kwenye majaribio ya vyombo likaanza kupiga mayowe. Lisipige kwa nini? Gitaa la tumbo ukilisimamisha mbele ya spika kubwa, sauti inayotoka spikani inaingia tumboni, inautikisa uso wa gitaa, uso unazitikisa nyuzi, nyuzi zinairudisha spikani ikiwa imekua, na inarudi tena na tena mpaka ukumbi mzima unaziba masikio. Huo si ugonjwa. Ndivyo lilivyoumbwa, linasikia kila kitu, hata usichotaka lisikie. Mpigaji anayejua kazi yake anasogea pembeni ya spika, anageuza kifua kidogo, anapunguza besi, na ikishindikana kabisa anasokomeza kitambaa matunduni. Wengine hutia soksi. Nimewahi kutoa soksi kwenye gitaa la mteja, nikamrudishia ikiwa imefuliwa.

Kaka yangu hakuwa na subira ya soksi. Hoteli ilikuwa bado haijakamilika, mafundi madirisha wako barazani na makopo yao ya povu, lile linalopulizwa kuziba mianya kati ya fremu na ukuta. Linatoka laini, linavimba, linakauka, na likishakauka halitoki ila kwa kisu. Akaazima kopo. Akaingiza mrija wake kwenye tundu la gitaa la Baba, akabonyeza mpaka kopo likaisha.

"Lote?" nikauliza.

"Nusu lingeacha nafasi," akasema.

Povu lilipovimba likafurika matunduni. Akalisubiri likauke, akalikata kwa wembe usawa wa mbao, akapaka juu yake dawa nyeusi ya viatu, ili ukitazama kwa haraka uone giza la tundu kama kawaida. Hapo ndipo hasira iliponipanda barabara. Mtu anayeona amefanya jambo jema hapaki dawa ya viatu juu yake.

"Na pikapu zinafanya kazi," akaongeza, akizigusa zile sumaku zilizo chini ya nyuzi. "Chomeka usikie."

Nikachomeka. Nilitaka kusikia, nisije nikaambiwa nimemhukumu bure. Ule uzi mnene wa gitaa lile nilikuwa naujua. Ukiugusa unaanza kimya kimya, halafu tumbo linaudaka, linaupanua, sauti inasimama hewani kidogo kabla haijaondoka. Safari hii ulianza ukafia palepale. Sauti kavu, fupi, ya mtu anayeitikia salamu kwa kulazimishwa.

"Si unasikia?" Kaka akasema. "Safi kabisa."

"Bwana Solo," nikamwambia, "toka mbele yangu kabla sijakutwanga na hii nyundo."

"Sasa hasira za nini? Si gitaa la umeme hilo? Umeme upo."

Nataka mnielewe, maana mpaka majirani wanasema siku ile nilivuka mpaka. Ni kweli pikapu ni sumaku na waya, zinausikia uzi, haziulizi tumboni kuna nini. Kwa kaka yangu, gitaa ni kile kinachotoka spikani. Kwa Baba lilikuwa kitu kingine kabisa, na kaka yangu alikuwa anakijua. Msije mkaniambia hakujua. Alikijua kama mimi ninavyokijua.

Baba alilitengeneza akiwa bado na masikio. Uso wa gitaa hakuukunja. Aliuchonga kutoka kwenye ubao mnene, nje kwanza kisha ndani, kwa patasi halafu kwa randa ndogo inayoenea kiganjani. Katikati akaacha unene, pembezoni akapunguza na kupunguza, anaugonga, anasikiliza, anapunguza tena. Chini yake akabandika mbavu mbili za mti kuuzuia usizame. Mgongo akauchonga vilevile. Akaunganisha kwa gundi ya ngozi, ile ya kuchemsha, kwa sababu alisema gundi za kisasa hazimwachii fundi wa kesho nafasi ya kufungua. Daraja linalobeba nyuzi hakuligundisha. Linakaa juu ya uso kwa mkazo wa nyuzi tu, ukizilegeza linaanguka. Watu walilitamani wakabembeleza, akawauzia mengine.

Kisha masikio yakamwacha. Yalianza kwa usaha yakamalizia kwa kimya. Daktari alisema mlango wa sikio ndio ulioziba, ndani bado kuko sawa, lakini kwa umri wake kupasua ni hatari kuliko faida. Tukajifunza kuzungumza kwa vidole, ishara za nyumbani tulizozibuni wenyewe, hasa mimi na yeye. Shangazi anazijua za chakula na za wageni. Kaka kila siku ana mazoezi ya bendi, hakujifunza hata moja.

Halafu siku moja nilikuwa nanyoosha daraja la gitaa lile, Baba amelibana kwa kidevu ili abaki na mikono yote miwili, nikagusa ule uzi mnene kwa bahati mbaya. Baba akaganda. Akaniashiria nirudie. Nikarudia, machozi yakamtoka palepale, fundi mzima na ndevu zake nyeupe. Sauti ilikuwa imeingia kwa mfupa wa taya. Tangu hapo kila alasiri anavuta kigoda chake dirishani, anaegemeza taya kwenye bega la gitaa, anajipigia. Hasikii mvua, hasikii mlango, na sauti yangu mimi mwanawe nadhani ameshaisahau. Muziki anaupata kwenye gitaa lile tu, kwa sababu uso wake mwembamba na lile tumbo vinatetema mpaka mfupani. Magitaa ya ubao tulimjaribia, akatikisa kichwa.

Hicho ndicho alichokijaza povu mtoto wa kwanza wa baba yangu. Na Baba alikuwa anarudi siku hiyohiyo.

"Mwambie liko kwenye matengenezo," Kaka akasema, na sasa lile tabasamu lilikuwa linaanza kuyeyuka. "Wewe si fundi? Utalitoa polepole."

"Nitalitoa vipi? Kwa kijiko cha chai, kupitia tundu la upana wa kidole? Hilo povu limeng'ang'ania mbavu, limeng'ang'ania uso wenyewe. Dawa yake ni kulipasua gitaa."

"Basi usilipasue. Liache hivyohivyo, linapiga."

"Na Baba?"

Akatazama dirishani. "Baba ni mzee," akasema. "Mfupa nao unazeeka. Siku yoyote angeacha kusikia tu."

Nilimkazia macho nione kama ana aibu hata ya kukopa. Hakuwa nayo. Alikuwa ameshalipanga kichwani, njia nzima tangu hotelini, kwamba lawama ataibeba uzee.

Shangazi akaingia kutoka uani, mikono ina mapovu ya sabuni. "Sauti zenu ziko mpaka barabarani," akasema. "Kuna nini?"

"Gonga hapo," nikamwambia.

Akaligonga gitaa. Akaguna. Nikamweleza lote, kopo na wembe na dawa ya viatu, na Kaka amesimama anakuna shingo.

"Mimi nilimpa," Shangazi akasema. "Mtoto wa kwanza wa nyumba, nimnyime kitu cha baba yake? Ningejuaje?" Akajifuta mikono kwenye kanga. "Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Babenu anatoka msibani, amechoka. Mkimwambia mtamuua kwa uchungu. Mwanangu, wewe ndiye mwenye busara. Yaishe."

Yaishe. Neno hilo mimi nimelelewa nalo. Kaka alipoiuza randa kubwa ya Baba akasema imeibiwa, yaishe. Kaka alipolala nje na funguo za karakana, wateja wamejaa mlangoni, yaishe. Yeye anaharibu, halafu mimi ndiye ninayeombwa busara. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi chetu tulikuwa tunakijua mpaka jina, tunakipakulia chakula.

"Safari hii hayaishi," nikamwambia Shangazi. "Mimi na busara yangu tumechoka."

Tulikuwa bado tunarushiana maneno Baba alipotokea mlangoni na begi lake. Hakuna aliyemsikia akifungua geti, na yeye hakutusikia sisi. Alituona tu, midomo wazi, mikono hewani, akacheka. "Mnagombana nini tena," akasema kwa ile sauti yake ya juu isiyojua kipimo, "hata mtu hajaingia ndani."

Tukamwamkia. Kaka akampokea begi harakaharaka, adabu tele. Shangazi akamwashiria chai, Baba akakataa kwa mkono. Macho yake yalikuwa yameshafika mezani.

"Nimekaa msibani kama kisiki," akasema. "Watu wanalia, wanaimba, mimi naona midomo tu."

Nikamwahi. Nilimshika mkono, nikamwashiria kwamba gitaa lina tatizo, angoje. Akanipapasa shavu, akanipita, akalichukua.

Alipolinyanyua alisita. Akalipima mkononi. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, ule wenye mishipa, akaufunga na kuufungua. "Safari imenimaliza," akasema. "Hata gitaa limekuwa zito."

"Si wewe, Baba," nikasema kwa mdomo, kwa kuwa vidole vilikuwa vimeniganda.

Akavuta kigoda mpaka dirishani. Akaegemeza taya kwenye bega la gitaa, akafumba macho, akapitisha dole gumba kwenye nyuzi zote kutoka juu hadi chini.

Akafumbua macho. Akapiga tena, kwa nguvu. Akahamishia taya upande wa pili, kisha kidevu, kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akang'ata ukingo wa gitaa kwa meno yake machache yaliyobaki na kuupigapiga ule uzi mnene mfululizo. Sisi tulisikia vile vishindo vikavu. Yeye aling'ata mpaka mate yakamtoka.

Halafu akaacha. Akalilaza mapajani, akayafuta mate kwenye mbao kwa mkono wa shati, taratibu, mbao isilowe.

"Basi," akasema. "Na huu mfupa nao umeondoka."

Hakulia. Alikuwa anatazama nje, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Mungu alinipa nyongeza, ameichukua," akasema. "Nilijua ingefika. Sikujua ingefika nikiwa msibani." Akatikisa kichwa kidogo. "Nimekwisha."

Kaka akamsogelea. Nilidhani sasa atasema, na haki ya Mungu nilikuwa tayari kumsamehe nusu papo hapo. Akaweka mkono begani kwa Baba. Akainamisha kichwa kwa huzuni, ile huzuni ya watu wanaokuja kutoa pole na kuondoka na sahani ya wali. Baba akaupapasa ule mkono uliokuwa begani mwake.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia.

Nimewahi kukasirika sana maishani, nina mdomo na mji mzima unajua, lakini hasira ile ilikuwa haina hata mdomo. Nikapiga magoti mbele ya Baba nikamwashiria kwa vidole vyote: si wewe, ni gitaa. Ni gitaa, Baba. Akatabasamu. "Usinipoze, mama," akasema. Nikachukua bisibisi, nikachoma lile tundu lililopakwa weusi, nikabandua kipande cha njano, nikamwekea kiganjani. Akakisugua kwa kidole.

"Sponji," akasema. "Kila mpigaji anatia sponji. Sponji haizuii mfupa, mwanangu. Kazi hii nimeifanya maisha yangu yote." Akanirudishia.

Angekuwa haijui kazi angeniamini. Kila nilichomwonyesha alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilimrudia yeye mwenyewe. Kaka akaniinamia sikioni, akaninong'oneza. Ananong'ona, mbele ya kiziwi.

"Umeona? Ameshapokea. Mwache apumzike."

Nikalinyakua gitaa mapajani mwa Baba. Nikalilegeza nyuzi, daraja likaanguka likabingirika chini ya meza, sikuliokota. Nikawasha jiko la gundi, nikakiweka motoni kisu chembamba cha kufungulia. Gundi ya ngozi inataka joto na subira: unaingiza kisu, unangoja, unasogea upana wa ukucha, unakipasha tena moto. Ni kazi ya kutwa ukitaka mgongo utoke mzima. Mimi sikuwa na kutwa wala subira.

Baba akainuka akanishika mkono. "Umeingiwa na nini?" Alidhani uchungu umenitia wazimu. Nikautoa mkono wake, nikamkalisha kigodani kwa nguvu, baba yangu mzazi, jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitalifanya. Shangazi akashika kichwa. Kaka akaja kunipokonya kisu.

"Utaliua," akasema.

"Ulishaliua wewe. Mimi naosha maiti. Rudi nyuma."

Akarudi nyuma.

Kisu kikaingia, harufu ya gundi ikajaa karakana. Nilikwenda nusu ya ukingo, na nilipofika kiunoni mwa gitaa, pale mbao inapojikunja, nikashindwa kungoja, nikachomeka patasi na kuinua. Mgongo ukapasuka kwa urefu wake. Sisi watatu tuliusikia ule mlio. Baba aliona tu mbao ikiachana, akafumba macho. Nusu ya mgongo alioupunguza kwa mikono yake ikabaki mkononi mwangu, imevaa povu.

Chini yake kulikuwa na gitaa jingine, la njano, limejaa kona kwa kona. Nikalibeba nikamwekea Baba magotini.

Alilitazama kwa muda. Akalibonyeza kwa dole gumba, halikubonyea kama sponji. Akachoma ukucha. Akatafuta zile mbavu mbili za mti, akazikosa. Akainua macho kwangu, nikamwashiria kwamba limejaa lote, mpaka usoni kwa ndani.

"Limeingiaje?" akauliza.

Nilimtazama Kaka, na Baba akafuata macho yangu. Kaka alikuwa anatazama viatu vyake.

Baba akaliweka gitaa sakafuni. Akasogeza kigoda mpaka kwenye meza ya kazi, akaegemeza taya kwenye ukingo wa meza, akafumba macho. "Gonga," akaniambia.

Nikachukua nyundo, na hapo nikaogopa. Asiposikia hapa, basi Kaka atakuwa amesema kweli kuhusu mfupa, na mimi nitakuwa nimempasulia Baba gitaa lake mbele ya macho yake kumthibitishia kwamba amekwisha. Nilisimama na ile nyundo hewani mpaka akafumbua jicho moja kunitazama. Nikagonga upande wa pili wa meza.

Mabega yake yakaruka.

"Tena."

Nikagonga, taratibu zaidi. Akainua kidole. Nikaiacha nyundo nikagonga kwa kifundo cha kidole tu, akainua kidole. Nikakwaruza mbao kwa ukucha. Alikawia, kisha akainua.

"Kumbe," akasema. Taya bado iko mezani, maneno yanatoka yamebanwa. "Kumbe si mimi." Akaanza kucheka, na kicheko kikachanganyika na kilio, matone yanadondokea kwenye maranda. "Limekufa gitaa tu. Mimi nipo. Nyie, mimi nipo."

Shangazi akakaa chini sakafuni na kanga yake, akalia. Mimi nililia nimesimama, kwa sauti ya kuaibisha.

Baba alipotulia alijifuta uso, akainuka, akaenda mpaka mbele ya Kaka. Hakuinua mkono. Hajawahi kutupiga, hata tulipostahili.

"Gitaa ni mbao," akamwambia. "Mbao nitatafuta, na mikono bado ninayo. Hilo silo. Ulikuwa umesimama hapa niliposema nimekwisha. Ukaniona ninajizika. Ukanishika bega, na mimi nikakushukuru."

Kaka akafungua mdomo. Maneno yakamtoka kwa wingi, kwamba alitaka kusema, kwamba aliogopa, kwamba samahani Baba, samahani sana. Nadhani aliyamaanisha, maana sauti ilimkatika katikati. Baba alimtazama midomo. Akangoja. Hakupata hata neno moja.

Kaka akanigeukia. "Mwambie basi," akasema. "Mwambie naomba msamaha."

Ni ishara moja fupi, kiganja kifuani. Shangazi, pale chini alipokaa, akaniangalia kwa yale macho yake ya yaishe. Nikatia mikono yangu yote miwili kwenye mifuko ya aproni.

"Mwambie mwenyewe," nikasema.

Akabaki amesimama mbele ya baba yake, mikono imeinuka nusu, haijui iende wapi.